Shajara ya tangi: chakula cha mijusi kafiri watatu, Lindi mjini

11 Mei

Tangi limefika. Lilikuwa la samaki, la jirani aliyehamia Dar, na kona moja ina ufa kwa hiyo halishiki maji tena. Kwangu si tatizo. Nimeuziba ufa kwa silikoni, juu nimefunika kipande cha chandarua kilichokazwa na mpira wa baiskeli. Ndani kuna mchanga uliooshwa mara tatu, gome la mwembe, na kifuu kilichotobolewa upande mmoja.

Wapangaji ni watatu, wote mijusi kafiri wa kawaida waliokuwa wakiishi nyuma ya mashine ya fotokopi dukani kwangu. Binti yangu wa darasa la tatu ndiye aliyeomba wafugwe na ndiye aliyewapa majina: Mabruki, dume mwenye kichwa kipana, Dafina, jike, na Butu, mdogo aliyekatika mkia siku ya kukamatwa. Kosa langu hilo, nilimshika vibaya.

Kabla ya kuanza nilimuuliza afisa wanyamapori mmoja ninayefahamiana naye. Aliniangalia usoni kwanza kuona kama natania. Jibu lake: hao wa ukutani kwako wasome tabia zao kisha uwaachie, ila wa msituni usiguse. Akanikumbusha yule mjusi wa samawati wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliyekamatwa kwa wingi kwenda kuuzwa kwa wafugaji wa nje, hadi biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku mwaka 2017.

Kikwazo kikubwa si serikali, ni Bibi, yaani mama yangu. Wazee wa pwani husimulia kwamba Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, mjusi alikwenda kuupuliza ule moto uzidi kuwaka, na ukafiri wake ukaanzia hapo. "Mwanangu," akasema, "wenzio wanawapiga ndala, wewe unawapikia?" Nikamwambia ni mradi wa shule wa mjukuu wake. Nusu ni kweli. "Shule au si shule, wasije wakatemea mate kwenye chumvi yangu."

13 Mei

Binti aliweka wali, kipande cha mkate na dagaa mmoja mkavu. Hakuna aliyesogea. Asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa tangini, mijusi wamejibana juu kabisa kwenye kona, na dagaa amebaki mfupa. Kwa mjusi huyu, kisichotikisika si chakula. Ni kweli dukani nimewaona kwa macho yangu wakilamba soda iliyomwagika kaunta, lakini na mtoto naye hulamba sukari, na haina maana ndicho chakula chake.

19 Mei

Wiki nzima ni nondo. Naacha taa ya baraza ikiwaka, chini naweka beseni jeupe, saa mbili usiku nina nondo wa kutosha. Tumekaa mimi na binti tumezima taa ya ndani, tumewasha tochi ya simu iliyofunikwa kitambaa chekundu, tukamtazama Dafina. Akimwona nondo anaganda. Ncha ya mkia inaanza kutikisika kama ya paka. Anasogea hatua moja, anaganda tena, anasogea. Kisha hukuona kitu, ila nondo hayupo, na mabawa mawili yametokeza pande za mdomo kama masharubu. Anatafuna mara nne tano, anapumzika, anameza. Mwisho anatoa ulimi na kulilamba jicho lake mwenyewe, upande mmoja na wa pili, maana hana kope za kupepesa.

Binti anataka kulamba jicho lake pia. Amejaribu kwa dakika kumi.

Kipimo cha ukubwa tumeshakipata: mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Kwa Mabruki ni kama milimita 5. Mende wa jikoni kwa hiyo hafai, ukiacha kwamba jikoni kwetu hupulizwa dawa ya makopo kila baada ya wiki mbili. Mbu wanafaa kwa ukubwa, lakini kumshibisha Mabruki kwa mbu ni sawa na kumshibisha mtu kwa punje za mtama, mojamoja.

25 Mei

Kuwapima. Mizani ya dukani kwangu inaanzia gramu 50, kwa hiyo nimewapeleka kwa sonara, ambaye mzani wake unasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mmojammoja ndani ya kopo tupu la vidonge: Mabruki 5.12, Dafina 4.38, Butu 1.97. Sonara hakutoza kitu, ila aliniuliza kama huyu ndiye mjukuu wa yule wa Ujerumani. Mtu wa Lindi hawezi kutaja mjusi asimtaje yule wa kilima cha Tendaguru huku kwetu, yaani dinosaria, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ambako amesimamishwa na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Nikamwambia yule alikuwa anakula majani ya miti. Angekuwa anakula nondo, taa za baraza zote za Lindi zisingemtosha.

2 Juni

Nondo wamepungua, usiku umeanza kuwa na upepo. Mradi unahitaji chakula cha kuaminika, na chakula hicho ni nyenje, wale wanaoimba usiku nyuma ya ndoo za bafuni. Nimeanza na kumi na tisa. Ndoo ya lita 20, ndani trei za mayai zimesimamishwa wima ili wajifiche, pumba za mahindi, jani la mchicha, kipande cha karoti. Maji siyaweki wazi, wanazama. Naweka pamba iliyoloa kwenye kifuniko cha chupa. Kwa mayai kuna kopo la mchanga wenye unyevunyevu, jike huchomeka mkia wake kama sindano na kutaga humo.

9 Juni

Ndoo ya kwanza imekufa. Niliirushia maji kupita kiasi, pumba zikaota ukungu, na waliobaki walimalizwa na sisimizi. Ndoo ya pili nimeiweka juu ya matofali yaliyosimama kwenye sahani za maji yenye tone la mafuta ya taa. Bibi analalamika kelele. Madume ndiyo yanayoimba, nikamwambia, nitayatanguliza kulisha. "Yatangulize leo."

16 Juni

Dafina ametaga mayai mawili, chini ya kifuu. Furaha yetu haikudumu mpaka mchana. Yai la mjusi huyu huwa gumu, dogo kama pipi ya mnanaa. Haya yana kibonyeo. Nilipoligusa moja kwa ncha ya kijiti liliingia ndani kama mpira uliopungua upepo.

18 Juni

Miguu ya nyuma ya Dafina inatetemeka anapopanda kioo. Jana aliteleza mara mbili, mjusi aliyezaliwa ukutani.

Binti ndiye aliyeligundua jambo ambalo mimi nilikuwa nalitazama bila kuliona. Alisema, "Baba, vile vitumbua vyake vya shingoni vimekwisha." Alipokamatwa, Dafina alikuwa na vivimbe viwili vyeupe pande za shingo, chini kidogo ya masikio. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ni akiba ya jike ya kalsiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chokaa, ghala la kutengenezea maganda ya mayai. Sasa shingo imekuwa bapa. Na nikakumbuka ukuta wa nyuma dukani, ule uliopakwa chokaa, ambako nilikuwa namwona kila jioni akilamba. Mimi nilidhani analamba unyevu.

Nilianza mradi huu nikiuliza mjusi ale mdudu gani. Swali lenyewe ni mdudu huyo amekula nini, na amepakwa nini. Nyenje ni nyama nzuri, lakini fosforasi yake inaizidi kalsiamu mara kadhaa, ilhali mjusi anataka kinyume, kalsiamu iwe kama maradufu ya fosforasi. Asipopewa, mwili unakwenda kuikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya inalegea, miguu inapinda, mikono inatetemeka. Ukutani alikuwa na wadudu wa kila aina na chokaa ya kulamba. Nimemweka kwenye kioo nikampa nyenje waliokula zaidi pumba, na nikajiona mfugaji.

19 Juni

Nimekwenda duka la mifugo. Muuzaji akanitolea kwanza DCP, ile ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku, na mifupa ya kusaga. Zote nzuri kwa kuku, lakini zote mbili zina fosforasi, na fosforasi ndiyo niliyonayo tele. Nikachukua chokaa ya mifugo. Kipimo chake kidogo kabisa ni kilo moja, ambayo kwa mijusi watatu itatosha mpaka binti aolewe. Jirani yangu fundi ujenzi alikuwa amenishauri nitumie chokaa ya tanuru, ile ya matumbawe ya kuchomwa, bure, anayo gunia. Hapana. Ile inaunguza mkono wa fundi mwenyewe, itakuwaje ulimi wa mjusi. Ya ukutani ilishakauka na kupoa miaka mingi.

Asiye na duka karibu anaweza kutumia maganda ya mayai. Tumejaribu pia: chemsha, anika, twanga kwenye kinu kidogo, chekecha kwa chujio la chai mpaka upate unga laini kama poda. Kikibaki na chenga hakishiki kwenye mdudu.

Namna ya kulisha sasa: siku moja kabla, nyenje wanaokwenda kuliwa natenga kwenye kopo lao na kuwalisha vizuri, mchicha, majani ya mlonge, karoti. Jioni natia nyenje watano kwenye kopo lenye ncha ya kijiko ya chokaa, natikisa, wanatoka weupe kama waliotoka kukanda maandazi. Hapo ni kuwahi. Nyenje ni msafi, ndani ya nusu saa amejipangusa mwili mzima na chokaa yote iko mchangani. Kwa hiyo mjusi awe na njaa, na ndiyo sababu wakubwa wanakula siku moja, wanaruka moja. Butu peke yake anakula kila siku kwa kuwa anakua na ana mkia wa kujenga.

Kila baada ya wiki mbili nachanganya chembe ya vitamini ya vifaranga yenye D3, kwa sababu bila hiyo kalsiamu inapita tu tumboni na kutoka. Chembe, si kijiko. D3 ikizidi hujilimbikiza mwilini na kuwa sumu.

22 Juni

Sonara: Mabruki 5.20, Dafina 3.66, Butu 1.94. Mayai tumeyatupa.

6 Julai

Dafina hatetemeki. Hakuna zaidi.

20 Julai

Mabruki amekufa. Naandika hii usiku huohuo nisije nikaipamba.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana mikorosho Mtama. Nilimpigia simu Alhamisi nikamwomba akija mjini aniletee panzi wadogo, nibadilishe mlo. Alikuja nao leo mchana, kopo zima la maziwa ya unga. Nilipolifungua hawakuruka. Walikuwa wapole, wanatembea pembeni mwa kopo polepole, wengine wamelala ubavu wanachezesha mguu. Nikasema safari imewachosha. Panzi hachoshwi na safari ya pikipiki. Hilo nilipaswa kulijua, nimekulia huku.

Mabruki alikula wawili saa moja na nusu. Saa tatu alikuwa chini, mdomo wazi, mwili unakakamaa na kulegea, unakakamaa na kulegea. Dafina hakula, alikuwa kifuuni. Butu nilimnyang'anya mmoja mdomoni kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, miguu ya panzi ikiwa bado inaonekana nje.

Nikampigia shemeji. "Shemeji, shamba limepulizwa lini?" Kimya kidogo. "Salfa tumepiga toka mwezi wa sita. Ila Jumatano tumepiga na ya maji, ya mbu wa mikorosho. Mbona hukuniuliza, shemeji? Ulisema panzi, hukusema wa kula." Ana haki. Salfa ya unga ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa majani na maua. Hiyo ya maji ndiyo ya kuua wadudu, na panzi wangu walikuwa wadudu.

Binti hajalia. Ameuliza tu kama Mabruki naye alipuliziwa.

21 Julai

Amezikwa chini ya mpapai. Bibi alitazama kutoka mlangoni, hakusema neno la ukafiri.

Sheria mpya, ameiandika binti kwa kalamu nyekundu na kuibandika kwenye tangi: MDUDU WA SHAMBA HAPANA. Kuanzia Mei mpaka korosho ziokotwe, hakuna panzi, kiwavi wala nondo wa kuletwa kutoka mikoroshoni, na huku kwetu ni shamba gani lisilo na mikorosho? Nondo wa barazani nao nimewapunguza. Sina njia ya kumuuliza nondo alikotoka. Nyenje wa ndoo namjua mpaka bibi yake.

17 Agosti

Mfugaji wa kuku wa Mitwero ananiuzia funza wa nzi askari mweusi, wale wanaolishwa mabaki ya jikoni na sokoni. Kilichonivutia ni kwamba wao wana kalsiamu yao wenyewe mwilini, hawahitaji kupakwa. Nikaona nimepata jibu la kila kitu. Dafina aliwapenda, wanajinyonganyonga vizuri. Siku ya tatu binti akanionyesha kinyesi chenye funza mzima ndani, ngozi yake haijaguswa. Ngozi hiyo ni ngumu kama plastiki. Sasa nachagua wadogo tu, wale ambao bado weupe, si wale walioanza kuwa kahawia, na nawapa mara moja kwa wiki. Mlo mkuu ni nyenje.

29 Agosti

Mayai mawili. Magumu. Binti amegonga moja kwa ukucha (bila ruhusa) na limelia. Baba yao kafa toka Julai, lakini jike la mjusi huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu, kwa hiyo ni watoto wa Mabruki. Vitumbua vya shingoni vimepungua tena, safari hii havijaisha. Mayai nimeyahamisha kwenye kopo la peke yake bila kuyageuza, maana mjusi mkubwa akimwona mjusi mdogo haoni mtoto, anaona mlo.

Septemba

Mwezi wa kulisha tu. Butu ana mkia mpya, mfupi na mnene, rangi yake haifanani na mwili, kama suruali iliyotiwa kiraka. Mafuta anayahifadhi humo, kwa hiyo naangalia mkia kabla ya kuangalia mzani.

24 Oktoba

Siku ya 56, mmoja katoka. Wa pili jioni yake. Sonara amewapima kwa furaha kubwa: 0.24 na 0.22. "Kwa dhahabu," akasema, "hii ni kipini cha puani."

Tatizo jipya. Nafasi kati ya macho yao haifiki milimita 2. Nyenje waliototolewa jana wangefaa, lakini ndoo iko katikati ya kizazi, wote wamekuwa wakubwa. Tumefanya hivi: chupa ya maji imekatwa shingo, ndani ndizi iliyoiva kupita kiasi na kipande cha papai, ikaachwa wazi chini ya meza siku mbili. Nzi wadogo wa matunda wakajaa wenyewe. Unaifunika kwa kitambaa, na wakati wa kulisha unaigeuzia kwenye kopo la watoto. Wanawakimbiza kwa fujo, wanakosa watatu wanapata mmoja, wanagongana vichwa. Ndizi ilikuwa ya Bibi. Hili limezungumzwa kwa kirefu.

15 Novemba

Binti alikusanya vimulimuli saba kwenye chupa ili Dafina "awe na taa". Bahati nzuri alinionyesha kwanza. Kimulimuli ana sumu ya kumtisha anayetaka kumla, na Marekani wafugaji wamewahi kupoteza mijusi wakubwa kuliko wetu mara nyingi kwa kuwalisha wadudu hao wachache tu. Tumewaachia uani. Nimeongeza mstari kwenye karatasi ya tangi: ANAYEWAKA HAPANA.

6 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana usiku wa jana, na leo magharibi kumbikumbi wametoka. Nyumba zote za mtaa zimezima taa za ndani na kuacha moja ya nje, chini yake beseni la maji. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda toka adhana. Mimi na binti tulikwenda na kopo letu kando ya beseni lake.

"Mnafanya nini?"

"Tunatafuta chakula cha watoto, Bibi."

"Watoto gani?"

Hakuna aliyejibu. Akasogeza beseni upande wake, halafu baada ya muda akachota konzi moja na kuitia kwenye kopo letu, wengi wao wakiwa tayari hawana mbawa. "Hao wameanguka kwenye mchanga. Sili mchanga."

Kumbikumbi ni mafuta matupu, kwa hiyo nilipanga watatu kwa kila mkubwa. Binti alihesabu vibaya au alihesabu vizuri sana. Dafina amekula wanane, wa tisa amekwama nusu ndani nusu nje, bawa moja limesimama wima kama tanga la ngalawa, na yeye ametulia kwenye kioo akiwa amefumbata miguu, tumbo limejaa hadi wadudu wanaonekana kwa kivuli. Hali tena mpaka Jumatano. Butu kala wanne. Watoto wameogopa, kumbikumbi ni mkubwa kuliko kichwa chao.

Jikoni kunanukia chumvi na mafuta. Kesho asubuhi nikitoka kwa sonara nipitie sokoni ninunue ndizi mbili, moja ya chupa na moja ya kumlipa Bibi.